Wazo Kubwa, Mfuko Mdogo: Anza na Mteja, Mashine Itafuata

Kuna ushauri wa aina mbili ambao kila hasla Kenya ameshausikia. Wa kwanza unatoka kwa watu waoga: hii kitu hujaisomea, pesa huna, tulia na kazi yako. Wa pili unatoka kwa wahamasishaji wa mitandaoni: uza kipande cha shamba, chukua mkopo, jitose, Mungu atafungua njia.

Maoni yetu ni kwamba wote wawili wanakosea, na kosa lao ni moja. Wote wanadhani kwamba mtu mwenye wazo kubwa lazima aligharamie lote siku ya kwanza. Yule mwoga anaangalia gharama hiyo anakwambia haiwezekani. Yule mhamasishaji anaiangalia hiyo hiyo anakwambia kopa. Hakuna hata mmoja anayekuuliza swali la maana: katika hilo wazo lako, ni kipande gani kidogo unachoweza kukijaribu mwezi huu, kwa pesa uliyonayo, kwa ujuzi ulionao?

Tunaandika haya kwa sababu pesa nyingi za biashara ndogo Kenya zinapitia kwenye simu: akiba, mkopo, malipo ya wateja, na mara nyingine pesa ya karo iliyochukuliwa "kwa wiki mbili tu". Simu imerahisisha kupata pesa. Haijarahisisha kuijua njia ya kuitumia. Na mtu anayepoteza pesa ya kuanzia hapotezi pesa peke yake. Anapoteza heshima kwenye chama, anapoteza amani nyumbani, na mara nyingi anazika wazo ambalo lilikuwa zuri.

Hata kutuma pesa kwa simu kulianza kwa kujaribiwa

Tuchukue mfano ambao kila msomaji wetu anaujua. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na majaribio yaliyoanza Oktoba 2005. Vodafone ya Uingereza na Safaricom ndio waliokuwa nyuma ya mradi huo, na sehemu ya gharama ililipwa na serikali ya Uingereza kupitia idara yake ya maendeleo ya kimataifa.

Wazo la mwanzo halikuwa kumtumia mama pesa kijijini. Lilikuwa kuwasaidia wateja wa Faulu, shirika la mikopo midogo, wapokee mikopo yao na kuilipa kupitia simu. Majaribio yalifanywa Nairobi na Thika, yakiwa na wateja wasiofika 500 na maajenti wachache tu.

Sasa angalia kilichotokea. Wateja walipopewa huduma, waliitumia walivyotaka wao. Kuna waliolipana wao kwa wao kwenye biashara. Kuna walioweka pesa kwenye simu kabla ya kusafiri, wakaitoa walipofika, ili wasitembee na noti mfukoni. Kuna waliowanunulia jamaa zao wa mashambani muda wa maongezi. Upande wa mikopo nao ukawa na ugumu wake, kwa sababu kuunganisha mfumo mpya na vitabu vya shirika la mikopo haikuwa kazi ndogo. Mwishowe waanzilishi walikata shauri: waliacha ule mpango wa mikopo, wakabaki na kitu kimoja rahisi ambacho watu walikuwa wameshaonyesha wanakitaka. Kutuma pesa nyumbani.

Kampuni za simu zenye wahandisi na bajeti hazikuwa benki, na hazikujua mteja anataka nini hadi zilipomwona akitumia. Zilihitaji watu chini ya 500 na miezi kadhaa kujifunza. Sasa wewe, mwenye shilingi 40,000 na ndoto ya kufika Kampala na Kigali, utajuaje mteja anataka nini kabla ya kumpa chochote mkononi?

Hiyo ndiyo hoja yetu. Wazo lako linaweza kuwa kubwa kadiri unavyotaka. Jaribio lako la kwanza lazima liwe dogo.

Tupige hesabu ya siagi ya njugu

Maneno matupu hayasaidii, kwa hivyo tuweke mfano. Tuseme kuna dada anayetaka kufungua kiwanda cha siagi ya njugu, ile ya kupaka mkate. Ana akiba ya shilingi 40,000. Hajasomea mambo ya vyakula. Ndoto yake ni kuiona bidhaa yake kwenye kila supamaketi Afrika Mashariki.

Njia ambayo watu wengi hufuata ni hii: anatafuta mashine. Anaambiwa ya bei nafuu ni 65,000. Anatoa 40,000 yake yote, anakopa 25,000 kwenye simu, ananunua mashine. Siku mashine inapofika hana pesa ya njugu, hana mikebe, hana mteja. Ana chuma kilichokaa sebuleni na deni linalohesabu siku.

Njia tunayoitetea inaanza mahali pengine. Sokoni kuna watu wenye mashine za kusaga ambao watakusagia kwa kilo. Kwa hivyo anaweza kuanza bila mashine kabisa. Bei zinabadilika kutoka mji hadi mji, kwa hivyo chukua hizi kama mfano tu, uweke zako:

- Njugu kilo 10, kwa 230 kila kilo: 2,300
- Kusagiwa: 300
- Mikebe 22, kwa 35 kila mmoja: 770
- Gesi ya kukaangia: 200
- Nauli: 300
- Lebo: 100

Jumla ni shilingi 3,970. Kilo 10 ukizikaanga na kupepeta maganda, tuseme unabaki na kilo 9. Hiyo inajaza mikebe 22 ya gramu 400, na kidogo cha kuonjesha watu. Kila mkebe umekugharimu kama shilingi 180. Ukiuza 250 kwa majirani, ofisini na kanisani, unapata 5,500. Faida ni 1,530.

Hapo wengi hushangilia. Ngoja kwanza. Ile kazi ya kwenda sokoni, kuchambua, kukaanga, kusagisha, kujaza na kusambaza imekuchukua siku mbili. Ina maana umejilipa 765 kwa siku. Si mbaya kwa mwanzo, lakini sasa unajua. Kabla ya hapo ulikuwa unaota tu.

Sasa peleka mkebe huo huo kwenye supamaketi. Mnunuzi wa duka naye anataka faida yake, kwa hivyo tuseme anakupa 190. Umebaki na nini? Hata shilingi 10 kwa mkebe haifiki. Halafu anakwambia malipo ni baada ya siku 60. Ukimpelekea mikebe 500 kila mwezi, unaweka 90,000 kila mwezi, na kufikia mwisho wa mwezi wa pili una 180,000 zimekaa kwenye rafu za mtu mwingine. Biashara inauza, vitabu vinaonyesha faida, na wewe huna pesa ya kununua njugu.

Hesabu hii haijaua ndoto. Imempa huyu dada kazi ya kufanya: atafute njugu za jumla moja kwa moja kutoka kwa wakulima, apunguze gharama ya mkebe, au auzie kwanza shule, hoteli ndogo na maduka ya mtaani yanayolipa papo hapo, na supamaketi zisubiri. Mambo hayo yote ameyajua kwa chini ya shilingi 4,000. Yule aliyenunua mashine atayajua pia, lakini baada ya 65,000.

Kuna ujuzi wa kujifunzia njiani, na kuna ujuzi wa lazima

Watu wanapokwambia "hujasomea hii kitu", usikasirike na usikate tamaa. Waulize: ni ujuzi gani hasa? Kwa sababu ujuzi si wa aina moja.

Kuna ujuzi unaoweza kuupata ukiendelea. Kupanga bei, kuongea na wateja, kupiga picha za bidhaa, kuandika lebo inayosomeka, kuweka rekodi. Ukikosea hapo unapoteza mia tano, unajirekebisha, unaendelea. Usingoje diploma kwa mambo hayo.

Kuna ujuzi mwingine ambao ukikosea mtu anaumia. Kwenye njugu na mahindi kuna sumu ya ukungu inayoitwa aflatoksini. Inaingia pale mazao yanapokaushwa vibaya au kuhifadhiwa kwenye unyevu, na kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2004, watu 125 walifariki katika maeneo ya mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu hii. Mwaka 2019, KEBS ilizuia chapa kadhaa za siagi ya njugu kuuzwa kwa sababu hiyo hiyo. Baadhi zilikuwa za kampuni ambazo watu walizizoea madukani. Kwa hivyo anayetaka kuuza chakula hana ruhusa ya kusema "nitajifunza mbele ya safari". Lazima ajue kuchagua njugu kavu, aitupe ile iliyobadilika rangi au kuota ukungu, apeleke sampuli ipimwe, apate cheti cha afya cha mtu anayeshika chakula kutoka kaunti, na afuate utaratibu wa alama ya ubora ya KEBS kabla ya kuingia madukani.

Ni vivyo hivyo kwa umeme, gesi, dawa, usafiri wa abiria, ujenzi, na kushika pesa za watu wengine. Kama biashara yako iko kwenye kundi hili, mtaalamu ni wa lazima. Swali ni utampataje ukiwa huna pesa ya kumwajiri.

Jibu ni kwamba ujuzi unaweza kuazimwa. Hatusemi uibe muda wa watu. Tunasema kuna watu na taasisi ambazo kazi yao ni kukusaidia. KIRDI, taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda, inawasaidia wajasiriamali kuunda na kuboresha bidhaa. KALRO ina utafiti na mafunzo kuhusu mazao. Vyuo vya ufundi vimejaa walimu na wanafunzi wanaotafuta mradi wa kufanya. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanaweza kukuundia kifaa rahisi cha majaribio kabla hujafikiria kuagiza kitu kutoka ng'ambo. Kuuliza si ujinga.

Nzambi Matee ni mfano mzuri wa jambo hili. Aliacha kazi ya kuchambua data mwaka 2017 akaanza kujaribu kutengeneza matofali ya kutandaza kwa kuchanganya taka za plastiki na mchanga. Alianzia nyuma ya nyumba ya mama yake. Alikuwa na msingi wa sayansi, lakini hakuwa na maabara kubwa. Alipopata nafasi ya mafunzo Marekani, alitumia maabara za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kupima na kurekebisha kiwango cha mchanga na plastiki. Mwaka 2020, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilimtuza kama mmoja wa Mabingwa Vijana wa Dunia. Watu wanaona tuzo. Sisi tunakuomba uone ule uwanja wa nyuma na ile maabara ya kuazima. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mkopo wa simu si pesa ya kujaribia wazo

Hapa tutasema wazi hata kama sisi wenyewe tuko kwenye biashara ya pesa za simu. Mkopo wa muda mfupi ni chombo kizuri kwa kazi fulani na kibaya sana kwa kazi nyingine.

Chukua mkopo wa shilingi 20,000 wa siku 30 wenye ada ya asilimia 7.5. Ada ni 1,500. Rudi kwa ile hesabu ya njugu: kilo 10 za kwanza zilileta faida ya 1,530. Ukitumia mkopo huo kujaribu wazo, faida yote ya mzigo wa kwanza imekwenda kwenye ada, unabaki na shilingi 30. Na kama wazo linahitaji miezi sita kueleweka, nawe unaulipa mkopo na kuuchukua tena kila mwezi, umelipa ada ya 9,000. Hiyo ni karibu nusu ya ulichokopa, na bado unadaiwa 20,000.

Kuna mikopo yenye riba ya chini. Hasla Fund, iliyozinduliwa na serikali Novemba 2022, ilianza na mikopo ya kibinafsi ya kati ya shilingi 500 na 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Sacco yako huenda ina masharti mazuri zaidi kuliko programu uliyoipakua jana usiku. Lakini hata riba ikiwa ndogo, muda ni muhimu. Mkopo wa kulipwa ndani ya siku 14 hauwezi kugharamia kitu kitakacholeta pesa baada ya miezi minne.

Kwa hivyo sheria yetu ni rahisi. Jaribio fanya kwa pesa yako mwenyewe, kiasi ambacho ukikipoteza watoto watakula na kodi ya nyumba italipwa. Mkopo chukua ukiwa tayari na mteja. Hoteli imeagiza mikebe 100, imelipa nusu, na nusu nyingine inalipwa siku ya kupeleka? Hapo mkopo wa kununua njugu una maana, kwa sababu unajua siku na pesa itakayoulipa. Kukopa ili ujue kama mteja yupo ni kamari.

Na tafadhali, pesa ya chama si mtaji wako hadi wanachama waseme hivyo, kwa maandishi, wakijua inaweza kupotea. Marafiki wengi wameachana kwa sababu ya neno "nitarudisha".

Kukua haraka nako kunaua

Kuna wanaopita hatua ya majaribio vizuri, halafu mafanikio yanawapa kizunguzungu. Wakenya tuliona jambo hili kwa macho yetu. Nakumatt ilianza kama duka la magodoro Nakuru, na jina lenyewe linatokana na hapo. Ilikua hadi ikawa na matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Lakini ilipanuka huku ikidaiwa na benki na wauzaji waliokuwa wakiileta bidhaa. Wauzaji walipochoka kutolipwa, rafu zikabaki tupu. Mwaka 2018 iliwekwa chini ya msimamizi, na mwaka 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Katika hao wadai walikuwemo wauzaji waliokuwa wamepeleka mali yao wakisubiri malipo.

Kwa upande mwingine, Equity ilianza mwaka 1984 Murang'a kama shirika la kukopesha watu wa kujenga nyumba. Kufikia 1993 hali ilikuwa mbaya, madeni yakizidi mali. Haikuokolewa na majengo marefu. Ilimrudia mteja mdogo, mkulima na mfanyabiashara wa sokoni ambaye benki nyingine zilimwona hafai. Ilipata leseni ya benki mwaka 2004, na mwaka 2006 hisa zake ziliorodheshwa kwenye soko la Nairobi. Hiyo ni zaidi ya miaka 20 tangu kuanza. Kumbuka hilo siku mtu atakapokuambia utaomoka ndani ya miezi mitatu.

Kuna hoja dhidi yetu, na tuijibu

Mtu atasema: kuna mawazo ambayo hayawezi kujaribiwa kwa udogo. Huwezi kujenga nusu daraja. Kweli. Lakini mawazo mengi ya watu hayako hivyo. Yanaonekana hivyo tu kwa sababu mwenyewe hajayavunja vipande. Unataka kampuni ya kusafirisha mizigo kati ya Mombasa na Kisumu? Anza kwa kuunganisha wenye mizigo na wenye malori, uchukue kamisheni, bila kumiliki hata gurudumu moja. Unataka programu ya simu ya kuuzia mboga? Anza na kundi la WhatsApp la watu 30, mtu wa boda na daftari. Kama watu 30 hawaagizi mara ya pili, programu ya nusu milioni haitawashawishi.

Mwingine atasema: ukianza kidogo utaibiwa wazo. Inawezekana. Lakini wazo peke yake ni rahisi kuiba na gumu kutekeleza. Atakayekuiga leo hana orodha yako ya wateja, hajui ni muuzaji gani wa njugu anayekauka vizuri na yupi anayenyunyiza maji ili kilo ziongezeke. Hayo umeyajua kwa miguu yako.

Mambo manne ya kufanya kabla hujatoa shilingi

Kwanza, weka kikomo kwa maandishi. Kwa mfano: "Nitatumia shilingi 10,000 na wiki nane. Kati ya wanunuzi 20 wa kwanza, wakirudi angalau 8 bila mimi kuwapigia simu, naendelea. Wasiporudi, nabadilisha bidhaa au naacha." Andika ukiwa bado mtulivu. Mpe nakala mke wako, mume wako au rafiki asiyeogopa kukuambia ukweli. Mtu akishaweka pesa, moyo hauoni hesabu.

Pili, tenga pesa. Chukua namba ya till au laini tofauti kwa biashara. Pesa ya njugu ikichanganyika na ya maziwa na ya matatu, hutajua kama unapata faida au unakula mtaji. Faida nyingine ni kwamba baada ya miezi sita utakuwa na stetimenti inayoonyesha mauzo. Ukienda Sacco au benki kuomba mkopo wa mashine, hiyo karatasi itaongea vizuri kuliko wewe.

Tatu, andika kila kitu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika hata vile mikebe viwili ulivyompa shemeji bure. Siku utakapojumlisha za bure utashangaa.

Nne, jilinde na matapeli. Mtu mwenye wazo na bila pesa ndiye wanayemtafuta. Ukiambiwa umepewa ruzuku au mtaji wa bure, lakini utume kwanza 1,500 ya "usajili" au "bima", hapo hakuna mtaji. Anayetaka kukupa pesa hakuombi pesa. Na hakuna mfanyakazi wa kampuni yoyote ya malipo anayehitaji PIN yako, iwe ni kwa simu, kwa ujumbe, au ana kwa ana.

Anza wiki hii

Hatukuandika haya ili kukupunguzia ndoto. Kiwanda kiwe kiwanda. Kampala iwe Kampala. Lakini pesa kidogo ina kazi moja kubwa: kukununulia ukweli kabla hujanunua mashine. Na ujuzi kidogo una dawa moja: kuuliza wanaojua na kuwasikiza wanaolipa.

Kwa hivyo wiki hii, chukua wazo lako uliandike kwenye karatasi moja. Chini yake andika kipande kidogo kabisa ambacho mtu anaweza kukulipia. Tafuta watu watano ambao si ndugu zako, uwauzie kwa bei kamili. Wakikataa, waulize kwa nini, na uandike jibu kama walivyolisema, hata kama linauma.

Wakinunua, na wiki ijayo warudi bila kuitwa, basi una kitu. Hapo ndipo tuanze kuongea habari ya mashine.